Kigoda cha Mzee Ambindwile

Kutoka nyumbani kwa Tupokigwe hadi shuleni hapakuwa mbali. Kengele ikigongwa, aliisikia akiwa jikoni. Lakini kila asubuhi alifika akiwa na tope hadi magotini, akihema kama mtu aliyetoka kule mbali Kinyala kwa miguu. Sababu ni moja: kwenye barabara hiyo fupi alikaa baba mkwe wake.

Mwanamke wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye wala hasikilizi porojo juu yake, na akimwona kwa mbali anaacha njia. Zamani hiyo haikuwa taabu. Nyumba ya mzee Ambindwile ilikuwa ndani kabisa ya migomba, na aliyetaka kumkwepa alimkwepa. Kisha viongozi wa kijiji wakaamua nyumba zisogee kando ya barabara ili watu waishi kijamaa. Mzee naye akasogezwa, na baraza lake likatazama njia ya shule. Miguu yake ilikuwa mibovu. Alfajiri alitoka na kigoda chake, akaketi pale barazani hadi jioni.

Basi Tupokigwe akashika njia ya korongoni. Alishuka kwa kushikilia mianzi, akavuka kijito juu ya gogo, akapanda upande wa pili kwa magoti. Viatu alivibeba mkononi, akavivaa kwenye uzio wa shule. Na mvua za kwetu Masoko mnazijua, hazina likizo.

Mwaka ule serikali ilitaka kila mtoto asome, na walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakaambiwa: asubuhi mfundishe, mchana mfundishwe, mkifaulu mtakuwa walimu kamili. Tupokigwe alikuwa amemaliza darasa la saba akiwaacha wavulana wote nyuma, halafu akaolewa na Hezron, mwana wa Ambindwile. Nafasi hii aliishika kwa meno. Hezron hakumkataza. Alisema tu, "Chakula kiwepo." Kwa hiyo chakula kilikuwepo, na maji, na kuni, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na zamu yake kwenye shamba la kijiji. Kisha mimba ikaingia, nayo haikupunguza kitu.

Wanawake mtoni walimsifu. "Elimu haijamharibu huyu. Mwone anavyomwogopa mkwewe!" Sifa hiyo ilimlevya. Alitaka ualimu na alitaka sifa, na hakutaka mtu aseme kimoja kimekila kingine.

Mwezi wa saba wa mimba miguu ilivimba hadi viatu vikakataa. Kichwa kikaanza kumgonga kutwa nzima. Hapo ndipo alipomwomba mumewe kitu kimoja.

"Mwambie baba, asubuhi akae uani. Mpaka nijifungue tu. Nipite barabarani."

"Nitamwambia," Hezron akasema.

Tupokigwe akangoja. Akauliza tena. Hezron akajibu huku akinoa panga, "Mzee haendeshwi kama ng'ombe. Ngoja."

Akarudi korongoni.

Rafiki yake shuleni alikuwa Biubwa, mwalimu mwanafunzi kama yeye, binti wa fundi cherehani wa Tukuyu mjini. Watu wa Biubwa walitoka pwani zamani, na mila hizi zilimchekesha na kumuudhi.

"Shoga, utazaa tope," akamwambia. "Jifunike khanga gubigubi, pita barabarani."

"Kwenu pwani hakuna adabu?"

"Pwani naisikia kwa bibi, mie mtoto wa Tukuyu. Na adabu gani ya kuua mtu? Halafu huyo mkweo mwenyewe akili zimeanza kumhama. Siku hizi asubuhi namkuta amegeuka, anatazama ukuta kama..."

"Biubwa! Usinisimulie habari za mkwe wangu." Tupokigwe akaziba masikio kwa mikono yote miwili.

"Haya, bibi mkwe mwema. Sisemi."

Na kweli hakusema tena.

Wiki ile Tupokigwe akaenda kupimwa Tukuyu. Nesi akambonyeza mguu, dole likaacha shimo. Akampima presha, akakunja uso.

"Wewe huendi popote. Unalala hapa hadi ujifungue."

"Ijumaa mkaguzi anakuja kunitazama nikifundisha."

"Mkaguzi atakuzalia?"

"Akinikosa, nafasi inakwenda kwa mwingine."

"Na wewe ukifa inakwenda kwa nani?"

Tupokigwe akainama. Mwalimu mkuu, Andongwisye, alikuwa amemweleza bila kumung'unya maneno: wanaoitaka nafasi yake ni wengi, wanaume watupu, na wanaume hawana matumbo. "Nitakuja Jumamosi," akamwambia nesi. "Naapa. Jumamosi asubuhi nitakuwa hapa na mkeka wangu."

Nesi akamwangalia akitoka, akatikisa kichwa.

Alhamisi jioni akamuuliza Hezron mara ya mwisho. Hakuuliza kwa upole.

"Umemwambia baba au hukumwambia?"

"We mwanamke, nimesema ngoja."

"Kesho ndiyo kesho, Hezron. Kichwa kinapasuka. Siwezi tena kupanda lile korongo."

"Basi usiende." Akavuta blanketi.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu usiku. Kijito kilikuwa kimelifunika gogo. Tupokigwe akavuka akitambaa, tumbo likigusa maji, akipapasa gogo chini ya povu kama kipofu. Alipopanda upande wa pili mianzi ikamteleza mkononi, akarudi chini, akapanda tena. Hakulia. Kulia kulikuwa kunamwongezea kichwa. Alijiambia jambo moja tu: leo, halafu nalala. Leo, halafu nalala.

Biubwa akampangusa tope kwa khanga yake mwenyewe. Akamtazama usoni, akaogopa. "Shoga, uso umeumuka kama andazi. Nikamwambie mwalimu mkuu?"

"Ukimwambia sitakusamehe."

Mkaguzi akaketi nyuma ya darasa, koti limelowa. Tupokigwe akawagawia watoto vijiti vya kuhesabia. Somo likaanza vizuri, tena vizuri sana. Mtoto mmoja akakosea, akamrekebisha kwa utani, darasa zima likacheka, na mkaguzi naye akatabasamu. Tupokigwe akaliona tabasamu lile, na kwa nukta moja akawa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani. Kisha akageukia ubao, na ubao haukuwepo. Palikuwa na cheche za moto. Akanyoosha mkono kutafuta ukuta.

Watoto walisema baadaye kwamba mwalimu alianguka kama mgomba, akawa anarusha mikono na miguu, mdomo unatoka povu. Wengine walitoka mbio kupitia dirishani.

Walimpakia kwenye Landrova ya mkaguzi. Gari likashuka barabara ile fupi na kupita mbele ya baraza la mzee Ambindwile. Ilikuwa mara ya kwanza Tupokigwe kupita hapo tangu mzee ahamie barabarani, na hakujua.

Alipozinduka hospitali tumbo lilikuwa limelala. Hakuuliza. Mama mkwe wake alikuwa kando ya kitanda, na mikono ya mama huyo haikuwa na kitu. Mtoto alikuwa mvulana. Walikuwa wameshamzika.

Siku ya pili mama mkwe akashindwa kunyamaza.

"Mwanangu, nikuulize. Kwa nini ulimdharau mzee?"

"Mimi? Nimdharau?"

"Tangu Hezron alete maneno yako, mzee alisema: apite, mimi nitageuza kigoda nitazame ukuta. Akamwambia Hezron akuambie. Kila asubuhi amekaa na uso ukutani, anasikiliza miguu yako. Watu wanamcheka. Wewe hukupita hata siku moja. Akasema, basi msomi amenikataa."

Tupokigwe akageuza uso. Akakumbuka maneno ya Biubwa, na mikono yake mwenyewe masikioni.

Hezron alipokuja hakuketi. Alikunjakunja kofia mkononi.

"Baba alikujibu?" Tupokigwe akauliza.

"Alinijibu."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Nilitaka uchoke. Nilijua ukichoka utaacha mwenyewe, bila mimi kukukataza. Sikutaka... Tupokigwe, sikutaka hili."

Tupokigwe akafumba macho. Hata kumlaani kulihitaji nguvu.

Siku ya kuruhusiwa nesi alimwambia apumzike mwezi mzima, asibebe kitu, asitembee mbali. Na siku hiyohiyo Biubwa alileta salamu za Andongwisye: mkaguzi amekubali kurudi mara moja tu, Jumatatu, amalizie somo lake. Asipomkuta, basi.

Jumatatu alfajiri Tupokigwe akavaa viatu nyumbani kwake. Hezron akamtazama, akampisha mlangoni. Tupokigwe akashika barabara.

Mbele ya baraza la mkwewe miguu ikagoma. Haikuwa heshima. Ilikuwa miguu tu. Akasimama katikati ya njia, jasho la baridi likimtiririka, damu ikimshuka mapajani. Mzee Ambindwile alikuwa ameketi amempa mgongo, uso ukutani. Alisikia hatua zikija, akasikia zikikoma.

Mzee akanyanyuka. Akajishika ukutani kwa viganja, na bila kugeuka akakisukuma kigoda kwa kisigino, mpaka ukingoni mwa baraza, karibu na njia.

Mwanamke hakalii kigoda cha baba mkwe wake. Tupokigwe akakikalia.

Landrova ya mkaguzi ikatokea kwenye kona, ikapita ikipanda kwenda shule, ikawarushia maji ya dimbwi. Kengele ikagongwa. Akajaribu kusimama. Akajaribu tena. Mzee alikuwa bado amesimama kwa miguu yake mibovu, amekumbatia ukuta.

Tupokigwe akasema, na lilikuwa neno lake la kwanza masikioni mwa mzee huyo:

"Baba, nimechoka."

Mzee akaegemeza paji la uso ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika.