Mgeni Aliyejibu Kutoka Masjala

Jumamosi ile ofisi ya ardhi haikufungua kaunta, na Waya alikuwa na raha ya mtu aliyeachiwa nyumba peke yake. Waya ni jina la kazini. Alipewa kwa ajili ya wembamba wake, na pia kwa sababu hapakuwa na waya katika jengo lile ambao yeye hakujua unatoka wapi na unakwenda wapi. Kazi ya siku hiyo alikuwa ameingoja kwa hamu: kompyuta zote zilishafutwa mfumo wa zamani, na sasa zingevuta mfumo mpya kutoka kwenye seva, ile kompyuta kuu, kupitia mtandao wa ofisi, bila mtu kuhangaika kutoka meza hadi meza.

Mwenzake alikuwa fundi wa kike waliyemwita Redio, maana akishawashwa asubuhi hazimwi mpaka jioni.

"Hapa ni kuwasha tu na kukaa," alisema Redio akivuta kiti. "Mchana niko nyumbani, nimeinua miguu."

Ghorofa ya chini ilikwenda kama walivyotaka. Kompyuta tupu ikiwashwa huuliza mtandaoni, kama mtu aliyefika ugenini: humu ndani mimi ni nani, na mfumo wangu naupata wapi? Seva huijibu, huipa anwani yake, huielekeza pa kuchukua, na hapo mstari wa buluu huanza kutambaa kwenye skrini. Mistari ilitambaa. Redio akapiga mluzi. Waya akapanda ngazi mbili mbili kwenda kuwasha za juu.

Juu kukawa na mambo mengine. Mashine ya kwanza ilipata anwani, ikangoja, ikangoja, mwisho ikaandika kwamba haioni faili la kuanzia. Ya pili nayo vivyo hivyo. Ya tatu ikakubali, Waya akashusha pumzi, lakini ya nne ikagoma, ya tano ikagoma, na ile iliyogoma mwanzo alipoizima na kuiwasha ikakubali bila sababu yoyote. Kitu kinachogoma moja kwa moja fundi hukipenda, kwa sababu angalau kina msimamo. Hiki kilikuwa kigeugeu.

Simu ikalia mfukoni. Mkurugenzi aliuliza kwa ujumbe: mnaendeleaje? Waya akajibu "vizuri", akairudisha simu haraka kama aliyeiokota. Jumatatu watu wangejaa kaunta wakitaka hati zao, na juu kungekuwa na masanduku matupu yenye skrini.

"Tuizime seva tuiwashe," alisema Redio. Wakaizima, wakaiwasha. Wapi. Wakabadilisha kebo. Wapi. "Basi huku juu kuna jini."

"Jini gani linachagua mashine?"

"Jini lenye ubaguzi."

Waya akacheka, lakini kijasho kilikuwa kimeanza. Ndipo akafanya lile alilopaswa kulifanya tangu mwanzo. Akabeba mashine iliyogoma, akashuka nayo chini, akaichomeka. Ikavuta mfumo bila kinyongo. Kisha akapandisha juu moja iliyokubali kule chini. Ilipofika juu ikakwama palepale walipokwama wenzake. Mashine hazikuwa na kosa, basi. Kosa lilikuwa huko ghorofani.

Akainama mbele ya skrini na kusoma polepole ile mistari ambayo fundi yeyote huiruka kwa mazoea. Macho yakamsimama kwenye anwani. Za ofisi zote zilianza kwa tarakimu zilezile, anazijua kama namba yake ya simu. Hii ilianza kwa nyingine kabisa, zile zinazotolewa na visanduku vya waifai vya majumbani.

"Redio, njoo. Kuna mgeni humu anajibu kabla ya seva."

"Mgeni yupi?"

"Kisanduku cha waifai. Mtu kakichomeka mahali. Mashine inauliza swali, kisanduku kinadakia: wewe ni fulani, karibu ndani! Ikiuliza mfumo uko wapi, kimya. Hakijui. Seva ikiwahi kujibu, kazi inakwenda. Kikiwahi chenyewe, basi tena."

"Shangazi yangu huyo," alisema Redio. "Swali la mwingine, jibu lake."

Hapo Waya akakumbuka malalamiko ya majuma yaliyopita, kwamba intaneti ya ghorofa ya juu inakuja na kuondoka. Naye aliitupia lawama kampuni ya intaneti, tena kwa sauti. Akajionea haya kidogo.

Kabati la swichi, ambamo nyaya zote za ghorofa hukutana, lilikuwa mwisho wa ukumbi. Waya akawa anachomoa waya mmoja mmoja, huku Redio akichungulia skrini na kupaza sauti.

"Bado yupo!"

Akarudisha, akachomoa mwingine.

"Bado yupo, na kajaa tele!"

Akachomoa mwingine.

"Kaondoka! Kaondoka huyo!"

Waya akaugeuza ule waya mkononi asome kibandiko alichokiandika mwenyewe: MASJALA.

Masjala ni chumba cha mafaili, na ufunguo wake ulikuwa kwa mtu mmoja, mkuu wa masjala. Mkuu wa masjala alikuwa mama mkwe wake. Waya alimkuta kazini hapo alipoajiriwa, kabla hata ya kumjua binti yake, na tangu aoe, heshima ilikuwa imezidi mpaka ikawa kama ukuta. Wakikutana ukumbini, Waya alisalimia huku akiukumbatia ukuta apite. Akiwa na la kumwambia, alimtuma mkewe.

"Tuuache waya umechomolewa, tuendelee," alishauri Redio.

"Na kompyuta za masjala? Zote zinapita hapahapa."

Akampigia mkewe. Mkewe akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko.

"Mpigie mwenyewe. Mama yangu hang'ati."

Waya akapiga moyo konde, akapiga simu. Mama mkwe hakuuliza maswali. "Nakuja," alisema, na haukupita muda mrefu akatokea ngazini na mkoba wake, miguuni amevaa ndara za nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona unazidi kukonda? Huyo binti yangu anakupa chakula?"

Redio akageukia dirisha, mabega yakimtetemeka.

Mama akafungua mlango. Harufu ya karatasi za zamani ikawapokea. Rafu zilipanda mpaka darini, na simu ya Waya, kama simu ya mtu yeyote aliyeingia mle, ikapoteza mtandao papo hapo kwa unene wa kuta. Akasimama katikati ya chumba akitafuta maneno. Mtu unamwambiaje mama mkwe wako kwamba amekwamisha ofisi nzima, na kwamba unaomba kuingia chini ya meza yake?

"Mama, samahani. Tunatafuta kitu kidogo, pengine kimechomekwa ukutani. Nadhani ni wasafishaji tu, bila kujua..."

"Wasafishaji wasisingiziwe." Akasogeza boksi la mafaili pembeni ya meza. Nyuma yake kilikaa kisanduku cheupe chenye pembe mbili, taa ya kijani ikikonyeza. "Ni hiki?"

"Ndicho, mama."

Akakaa kwenye kiti chake, mkoba mapajani, na alipoanza kusema hakumtazama.

"Nilisikia mfumo mpya unakuja. Nikajiuliza, siku hiyo nitamuuliza nani? Fundi ni mkwe wangu. Nikae naye nikibonyeza hovyo, anirekebishe kama mtoto wa chekechea? Nikasema ng'o. Nikanunua hiki, muuzaji akaniambia nichomeke tundu lolote. Wakati wa chakula nafunga mlango natazama masomo kwenye simu. Siku nyingine yanafunguka, siku nyingine yanagoma. Nikadhani ni mimi nisiyejua."

"Masomo ya nini, mama?"

"Ya nini tena? Ya huo mfumo wako mpya."

Halafu Redio, aliyekuwa amejizuia tangu ngazini, akapasuka. Mama akamkazia macho, midomo ikamcheza, na mara akawa anacheka yeye kuliko wote, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Waya hakuwahi kumwona akicheka namna ile. Alicheka kama mkewe hasa, kichwa nyuma, mkono kifuani.

Kisanduku kikachomolewa, waya wa masjala ukarudishwa kwenye swichi, na mashine za juu zikawashwa upya. Safari hii kila iliyouliza ilijibiwa na seva. Mistari ya buluu ikaanza kutambaa ukumbi mzima, na Waya akapita mlango kwa mlango akiitazama kama mkulima anayetazama miche yake.

"Mkurugenzi utamwambia nini?" Redio alimnong'oneza.

"Kwamba kulikuwa na kifaa kigeni, tumekiondoa."

"Kigeni cha nani?" Mama alikuwa nyuma yao. Simu ilikuwa tayari sikioni. "Haloo, Mkurugenzi? Ni mimi wa masjala. Aliyewachelewesha mafundi leo ni mimi." Akaeleza yote, bila kupunguza wala kupamba. Sauti ya kicheko kutoka upande wa pili ikasikika mpaka kwa Waya. Alipokata, mama alikuwa amenyanyua nyusi.

"Anasema naye hajui kitu kuhusu mfumo mpya, aliona aibu kusema. Anataka wiki ijayo tufundishwe sote. Nimwekee kiti mbele."

Kompyuta ya mama, mle masjala, ilimaliza ya mwisho. Mama akavaa miwani, akashika kipanya, na kabla Waya hajanyoosha kidole, akaingia penye mipangilio na kukuza maandishi.

"Somo la nne," alisema. "Sasa linataka neno la siri. Geuka ukutani."

Waya akageuka. Nyuma yake vidole viwili viligonga kibodi kwa uangalifu, kimoja baada ya kingine.

"Haya, geuka. Nionyeshe namna ya kutafuta faili, hapo ndipo masomo yalikatika."

Akamwonyesha. Mama alipokosea, Waya alimwambia amekosea, na dari haikuanguka. Aliuliza tena, akaelezwa tena. Akapata faili alilolitafuta, akalifunga makusudi ili alitafute upya.

Katikati ya hayo simu ya mezani ikalia. Alikuwa mkewe Waya, simu zao za mkononi zote hazipatikani, akitaka kujua kulikoni huko.

"Tuko kazini," mama alimwambia binti yake, macho kwenye skrini. "Tupigie baadaye."