Jina Nililolifuta kwenye Jiwe la Mlangoni

Uvumi niliusikia kwa mwoka mikate, nikashindwa kuutoa kichwani: ati serikali ikikuta jiwe la hekalu kwako, inachukua nyumba.

"We Diamando," jirani yangu Poliksenia akanichokoza, "mjukuu wako atazaliwa zizini na mbuzi!"

Wenzangu wakacheka. Mimi nikachukua mkate wangu, nikaondoka.

Kijijini kwetu nani hana jiwe la hekalu? Hekalu lenyewe liko juu mlimani, zimebaki nguzo saba, na matundu pale wazee walipochokonoa madini ya risasi yaliyoshikanisha mawe, wakayayeyusha kutengeneza risasi za bunduki. Ukuta wa kanisa unatoka kule. Kisima pia. Na mlangoni kwangu kuna jiwe jeupe la kukalia, lenye mistari mitatu ya herufi za kale. Kila mtoto wa nyumba hii, siku ya arobaini, hulazwa juu yake kidogo kabla ya kupelekwa kanisani. Nililazwa mimi, akalazwa binti yangu Areti. Kwa nini, hakuna aliyejua.

Areti alikuwa amekuja kujifungulia kwangu, mimba ya miezi minane. Aliposema mtaalamu wa mambo ya kale atapita Jumatano, nikaona nyumba imekwenda. Mtoto angelala wapi? Jumanne, Areti yuko kliniki, nikachukua nyundo na patasi ya marehemu baba yake. Mstari wa chini nikaufuta wote. Wa kati ulinichosha mkono, nikauacha nusu, nikapaka chokaa juu, kama tunavyopaka kila Pasaka.

Mtaalamu alikuwa dada kijana, viatu vimejaa vumbi. Aliona vipande vya jiwe kwenye maua yangu.

"Mama, nani kafanya hivi?"

"Baridi imelipasua," nikasema.

"Baridi gani ya mwezi wa sita, mama?" Areti akauliza.

Nikalia, nikasema yote. "Sasa nyumba mnachukua?"

"Nani kakwambia? Nilitaka picha tu. Nyumba ni yako."

Akaosha chokaa kwa maji, taratibu, akasoma kwa kidole. Maandishi yalisema mama mmoja anamshukuru mungu wa kike wa uzazi, kwa mwanawe aliyekuwa mgonjwa akapona.

"Mtoto anaitwa nani?" Areti akauliza, mkono tumboni.

Yule dada akanitazama, akainamisha macho. "Jina lilikuwa mstari wa chini."

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza. Areti akanishika mkono, akaupitisha juu ya herufi zilizobaki. "Basi, mama. Sasa tunajua kwa nini tunalazwa hapa."

Mjukuu wangu alizaliwa mwezi wa saba. Siku ya arobaini tulimlaza pale. Nilikunja blanketi mara nne, maana patasi yangu imeacha makali.

"Godoro la mfalme hilo!" Poliksenia akasema.

"Nyamaza, wewe na mdomo wako," nikamwambia, huku namshika mtoto kichwa.

Basi wewe mwenye jiwe kama langu:

Usiguse herufi kwa patasi wala msumari.
Usipake chokaa wala saruji juu yake.
Usioshe kwa siki wala dawa ya choo.
Usilihamishe jiwe usiku wala mchana.
Usiulizie mambo ya serikali kwa mwoka mikate.
Usimfiche mwanao kinachokutia hofu.