Mchezo wa Kusimama

Jumamosi saa tisa alasiri, mtaa wa Kimanga ukiwa umelala kwa joto na ziwa limetulia mpaka ng'ambo ya Burundi, Chérie alikuwa juu ya mawingu. Miguu yake ilikanyaga sakafu ya saruji ya chumba chake cha ushonaji, kati ya cherehani na meza ya kukatia. Hilo alilijua vizuri. Lakini macho yake yalikuwa ndani ya ile kaski nyeusi inayofunika uso, na macho ndiyo mwenye nyumba. Yakikuambia uko juu ya mawingu, basi ndipo ulipo. Puto kubwa lenye kikapu lilimbeba polepole juu ya milima asiyoijua majina, na chini kabisa mto ulijipinda ukimetameta. Pembeni mwake, kwenye kikapu hichohicho, aliketi mwanasesere mwenye koti la bluu. Mwanasesere huyo alikuwa mume wake.

"Unaona ule mto?" Dieudonné aliuliza. Sauti yake ilikuwa karibu kabisa na sikio. "Iko sawa na Ruzizi."

"Ruzizi haiko na maji ya rangi ile. Weye umesahau kwenu."

Dieudonné alicheka, na Chérie akafumba macho ili akisikie kile kicheko peke yake. Miaka sita alikuwa akikisikia kwa simu tu. Ndani ya kaski kilikuja na upande wake: kilitoka kushoto, mahali ambapo mume hulala.

Nyuma yake, Tantine Josée, dada ya baba yake, alikuwa ameshika ncha ya kitenge alichomfunga kiunoni, kama mtu anayepeleka mbuzi sokoni, asije akajigonga kwenye cherehani. Televisheni iliyokuwa juu ya kabati ilimwonyesha tantine kila alichokiona Chérie, na sauti ya mukwe ilisikika humo pia. Kwa hiyo tantine naye alikuwa safarini, ila yeye alisafiri huku akimenya karanga.

"Wanakaa tu," alinung'unika. "Kila siku wanakaa tu."

Lilikuwa neno la kweli, na lilimchoma Chérie palipokuwa na kidonda.

Dieudonné alikuwa Kanada. Miezi mitatu iliyopita alimtuma msafiri na sanduku lenye mashine ya michezo na kaski, akasema yeye mwenyewe anayo ya namna hiyohiyo. Kila Jumamosi, kwake ikiwa bado ni asubuhi, wangekutana humo ndani. Duka la michezo liliwaruhusu kuonja mchezo kwa muda mfupi kabla ya kununua. Wangeonja mingi, kisha wachague mmoja uwe wao. Chérie alilia kwa furaha. Mke aliyengoja miaka sita anaambiwa achague mahali pa kukutana na mumewe: juu ya mwezi, chini ya bahari, popote!

Basi wakaonja. Walipanda mtumbwi usio na kasia ulioelea kwenye ziwa la zambarau, na tantine akauliza kwa nini watu wanunue ziwa wakati lao liko mlangoni. Walipanda garimoshi lililopita kwenye theluji, mabonge meupe yakigonga kioo bila sauti, na Chérie akaunyoosha mkono akashangaa kwamba haukupata baridi. Siku ile alishinda akitabasamu hata alipokuwa akishona sare za shule, na sindano ikamchoma mara mbili. Usingizini aliliona lile garimoshi likipita Sange, kwao Dieudonné, katikati ya mashamba ya mpunga, na watu wa barabarani wakimpungia.

Ila mchezo alioutaka yeye ulikuwa mwingine. Kwenye orodha ulikuwa na picha ya ukumbi wenye taa za manjano na zulia refu jekundu, watu wakicheza muziki wawili wawili. Siku yao ya harusi, pale Sange, waliingia ukumbini kwa mwendo wa maarusi: hatua mbili mbele, moja nyuma, mabega yakiitikia, saa nzima kufika kwenye viti. Mvua ilipiga mabati hadi muziki ukapotea, nao wakaendelea kucheza kwa kufuata mvua. Hicho ndicho alichotaka kurudishiwa.

Kila alipoutaja, Dieudonné alikataa. "Ule si muzuri. Utakupatisha kizunguzungu."

Mwanzoni alimwamini. Kisha akaviona vile vipicha vidogo vilivyo chini ya jina la kila mchezo, vya kuonyesha unachezwaje: kimtu kilichoketi kwenye kiti na kimtu kilichosimama. Mtumbwi, kimtu kimeketi. Garimoshi, kimeketi. Puto, kimeketi. Ukumbi wa taa za manjano peke yake ulikuwa na kimtu kilichosimama tu.

Na hapo moyo ukaanza kuunganisha vipande, jinsi afanyavyo fundi, na nguo iliyotokea haikumpendeza. Mwaka jana alimshonea shati la kitenge, akalituma. Dieudonné alilivaa, akapiga simu ya video, uso umejaa kwenye kioo. "Simama, rudi nyuma nikuone muzima," Chérie alimwambia. Chumba ni kidogo, akajibiwa. Siku nyingine, taa ni mbovu. Akasema atamshonea na suruali yake. "Suruali usijisumbue," akajibiwa. Halafu dosye ya uhamiaji ya kumpeleka Chérie Kanada, ambayo zamani Dieudonné aliifuatilia kila wiki, ikapoa. "Tungoje kidogo." Miezi kumi na tatu sasa ni tungoje kidogo.

Tantine Josée hakuhitaji hata vipande vyote. "Mwanaume asiyeonyesha miguu," alisema, "ujue viatu vyake viko chini ya kitanda cha mwingine."

Kaka yake Chérie, Jean-Marie, naye alikuwa amechoka. Kesho Jumapili, baada ya misa, familia ingekaa. Wangekubaliana kurudisha Sange ng'ombe wa mahari, na Chérie, mwenye miaka thelathini na mitatu, angeacha kuwa mke wa sauti. Aliomba jambo moja tu: Jumamosi hii iishe kwanza. Dieudonné akikubali kusimama na kucheza naye, atangoja hata miaka sita mingine. Akikataa, ng'ombe waende.

Puto lilianza kushuka. Muda wa kuonja ulikuwa umekwisha.

"Tuchukue huu," Dieudonné alisema haraka. "Tununue puto. Huu njo wetu."

"Leo minye nachagua."

Mto ukazimika, milima ikazimika.

"Chérie..."

"Nachagua ule wa kucheza muziki. Kama hutaki kucheza na mukeo, sema hapa, tantine asikie. Kesho familia inakaa."

Alingoja. Alisikia karanga zimeacha kumenywa. Kisha sauti ikasema, ndogo kama ya mtu aliyeko chumba cha pili, "Sawa. Tangulia. Nakuja."

Akatangulia. Ukumbi ulimfungukia polepole, taa moja baada ya nyingine, na ulikuwa mzuri kuliko picha yake. Dari lilikuwa mbali kama mbingu ya kiangazi. Vumbi la dhahabu lilielea hewani, nalo lilipogusa mkono wake lilisogea kumpisha. Zulia lilianzia miguuni pake likaenda, likaenda, na muziki wa gitaa ulitokea mahali fulani mwisho wake, wa polepole, muziki wa kuingilia. Chérie aliona mabega yake yameanza kuitikia kabla hajayaomba. Alikuwa na miaka ishirini na sita tena. Alikuwa akisikia mvua.

Mlango wa pembeni ukafunguka, na mwanasesere wa koti la bluu akaingia.

"Eh!" Tantine Josée alipiga yowe. "Mbona mukwe amekuwa kafupi?"

Alikuwa mfupi kweli. Kichwa chake kilimfikia Chérie kifuani. Miguu ya mwanasesere ilikuwa imekunjwa chini yake, kwa sababu mashine haikujua mahali pengine pa kuiweka.

Hasira ilimpanda. Hata leo amekuja na kiti chake! Hata leo, ng'ombe wakiwa wamefungwa kamba, mtu huyu hawezi kujinyanyua!

"Simama, Dieudonné."

Mwanasesere hakusogea.

"Ulikuwaka mrefu kunipita. Simama!"

"Nilizani mashine itanirefusha," alisema. "Katika ingine yote ilinirefusha."

Fundi wa nguo si mtu wa kudanganywa. Hakuangalii usoni, anakuangalia mabega. Chérie alitazama sasa kwa jicho la kazi, na jicho la kazi halina hasira. Kutoka sakafuni hadi utosini, mita moja na sentimita thelathini. Ni urefu wa mtu aliyeketi kwenye kiti cha kawaida, na alikuwa na uhakika, kwa maana alikwisha kumshonea katekista mmoja wa Nyakabere aliyetembelea kibaiskeli cha mikono. Alimpima ameketi, tena kwa uangalifu. Akakumbuka suruali usijisumbue. Akakumbuka uso uliojaa kioo. Vipande vilevile, akavigeuza upande wa pili, vikakaa.

"Huwezi," alisema. "Hukatai. Huwezi."

Gitaa liliendelea kupiga. Kisha Dieudonné akamwambia yote, bila kupumzika, kama mtu anayetua mzigo ulioanza kumkata shingo. Kazini, kwenye ghala, gari la kunyanyulia mizigo lilirudi nyuma naye hakuliona. Mguu wa kushoto ukakatwa, juu ya goti. Miezi kumi na tatu sasa. Akiwa na magongo husimama vizuri, lakini humu mikono yote miwili hushika vishikio vya mashine, na magongo hayana wa kuyashika. Hospitali ndiko walikomvalisha kaski mara ya kwanza, ili asahau maumivu. "Nikaangalia chini, Chérie, nikaona miguu mbili. Nikatembea. Nikasema, humu njo nitamukutania bibi yangu. Humu niko muzima."

"Na dosye?"

"Nilisema, atakuja apate muntu nusu. Bora angoje, nipate mguu wa kuvaa, nijifunze. Ule mguu ukanikatalia. Haya ikanizidi."

Chérie alikuwa analia, na kulia ndani ya kaski ni jambo gumu: machozi hayana pa kwenda, yalijaa kwenye vioo mpaka taa zote za ukumbi zikawa kubwa na zikayeyuka. Alilia kwa ajili ya mguu. Alilia pia kwa uchungu, maana mwaka mzima alikuwa amemgombeza moyoni, akishona na akilala, mwanamke wa pili ambaye hakuwepo. Nyuma yake kitenge kililegea. Tantine alikuwa amekiachia.

Halafu akaupeleka mguu wake nyuma, akapapasa sakafu ya saruji, akakipata kile kigoda cha cherehani alichokalia miaka yote. Akakivuta. Akaketi.

Ukumbi mzima ulipanda juu, au yeye alishuka. Taa zikawa mbali zaidi, na uso wa mwanasesere wa koti la bluu ukawa sawasawa na wake, macho kwa macho.

"Mabega unayo?" aliuliza.

"Mabega niko nayo."

"Basi tuingie."

Wakaingia. Mabega mbele mara mbili, nyuma mara moja. Zulia halikusogea chini yao hata kidogo, lakini Chérie aliapa baadaye kwamba walifika mbali, walipita taa ya kwanza na ya pili, walipita mashamba ya mpunga na ule ukumbi wa mabati, na vumbi la dhahabu likawapisha njia nzima. Muda wa kuonja ulipokwisha, taa zilizimika moja moja, na ya mwisho ikawaacha wakiwa bado wanaitikia gizani.

Alipoivua kaski, mwanga wa alasiri ulikuwa palepale ulipokuwa. Mlangoni ziwa lilimeremeta. Tantine Josée alikuwa ameketi sakafuni kati ya maganda ya karanga, anajifuta uso kwa ncha ya kitenge kilekile.

"Nitamupigia Jean-Marie," alisema kwa sauti ya pua. "Kesho tutakaa tukule tu. Ng'ombe wabakie."

Simu ililia; alikuwa Dieudonné. Chérie aliichukua na kufungua daftari lake la vipimo kwenye ukurasa wa zamani, ulioandikwa Dieudonné siku za harusi yao. Vipimo vile alivipima yeye mwenyewe, mkanda mikononi. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi, na mtaa mzima ulimjua kwa hilo; juzi tu mteja mmoja wa Luvungi alituma kitambaa na vipimo kwa motari wa pikipiki, naye akavirudisha vyote, aje mwenye mwili.

"Niko na kitambaa cha kijivu," alisema. "Nilikiwekea suruali yako tangu mwaka jana. Mguu wa kuume?"

"Chérie, acha..."

"Mguu wa kuume."

"Mia moja na ine. Kama zamani."

"Wa kushoto."

Alisikia pumzi yake kule Kanada, ikiingia na kutoka.

"Makumi tatu na moja," Dieudonné alisema.

Aliandika namba ya kwanza, na ya pili chini yake. Kisha akapiga mstari juu ya zote mbili na kulifunga daftari.

"Weye unanijua," alisema. "Minye sikati kitambaa na vipimo vya simu. Kesho kutwa ofisi zikifunguka, ufufue dosye. Nitakuja kupima mwenyewe."