Jeneza la Laban

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, gredi ya nne, hapa Kaloleni. Kila mwaka nafundisha neno "wide", yaani pana. Mto ni wide, mdomo wa kiboko ni wide, aliyekosa usingizi yuko wide awake. Watoto hulimeza asubuhi na kulitapika kwenye mtihani. Sikujua litanifuata mpaka kwenye matanga ya mume wangu.

Owiti aliugua muda mrefu, nami nikamwuguza hadi mgongo ukakataa. Ndugu yake Laban yuko Nairobi. Kupiga simu alipiga, sikatai, lakini hospitali hakukanyaga. Owiti alipokata roho, Laban ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwa fundi wa majeneza.

"Nimemwambia atengeneze wide, Mama Sheryl," akaniambia. "Brathe alikuwa mtu mkubwa. Watu watakuja from far and wide."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Akatangulia nyumbani Asembo Bay kusimamia mahema, mimi nikabaki mochari kumvisha mume wangu.

Kwetu mtu hazikwi kabla hajalala usiku mmoja ndani ya nyumba yake. Tulifika jioni, mlango uko wazi kabisa, na jeneza likakwama. Nyumba ile Owiti aliijenga mwenyewe, vyumba viwili, mlango wa kumtosha mtu na mzigo wake. Wanaume wakasukuma, wakarudi nyuma, wakalilaza ubavu. Nikausikia mwili wa mume wangu ukiteleza na kugonga mbao kwa ndani.

"Tunabomoa ukuta," Laban akasema. "Leteni sururu."

"Na nani atajenga?" nikamwuliza. "Mvua ndiyo hii. Mkishazika mtaenda zenu. Mimi nitalala wapi?"

"Mama Sheryl, usituletee aibu. Lazima alale kwa nyumba yake."

"Anayelala ni Owiti, si sanduku. Fungueni, mumbebe."

Wengine walinitazama kana kwamba nimetukana. Nilikuwa nimechoka hata kuogopa macho ya watu. Mwishowe mama mkwe wangu, Aloo, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Yawa, jamani, fungueni. Ni mtoto wangu, si kabati."

Laban akafungua skrubu mwenyewe. Akashika shuka aliyolalia Owiti, upande wa mabega, binamu zake wakashika upande wa miguu. Akajikaza kama anayenyanyua gunia la mahindi, akavuta, nusura aanguke chali, maana uzito alioutegemea haukuwepo. Wakapita mlangoni bila kugusa upande wowote.

Ndani, shuka ikiwa bado mikononi, Laban alianza kulia kwa sauti.

"Shem, alikuwa ameisha hivi? Mbona hukuniambia?"

Nilimwambia kila alipopiga simu. Nikamwonyesha tu kitanda, amlaze.