Kufuli la Herufi Sita

Jumatano ya tarehe kumi na nne, mwezi wa tisa, saa nane na dakika kumi mchana, dada wa mapokezi alisikia ndoo ikigonga ukuta ndani ya chumba kinachoitwa Mgodi, akabonyeza kitufe mezani kwake. Mlango ukajifunga. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hayakuharibika kwa bahati mbaya kama walivyokuja kuandika wenye kalamu zao.

Ile nyumba ilikuwa ya mchezo. Watu wanalipa, wanafungiwa chumbani, wanapewa saa moja watafute njia ya kutoka. Unaweza kujiuliza mtu mzima anatoaje hela yake ili afungiwe kama kuku, lakini wateja walikuwa hawaishi. Makufuli yote ya humo yalipita mikononi mwa mtu mmoja, fundi aliyezoeleka kwa jina la Komeo. Shule aliiachia darasa la nne, lakini kufuli, hata lililoota kutu, likishikwa naye lilikuwa kama mtoto aliyerudishwa kwa mamake.

Chumba cha Mgodi alikiwekea manne. La kwanza la namba. La pili la mishale, ambalo halina tundu la ufunguo. Lina kitufe kimoja unachokisukuma juu, chini, kulia, kushoto, mpaka upatie mpangilio wake. La tatu la ufunguo, na ufunguo wenyewe umefichwa ndani ya kofia ya mchimbaji. La nne, la herufi, lina magurudumu sita, na ndilo lililofunga kisanduku cha chuma ukutani. Ndani ya kisanduku mna kitufe chekundu. Hicho ndicho kinachoilegeza sumaku ya mlango, mtu akatoka.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mfanya usafi wa nyumba hiyohiyo. Makufuli aliyajua kuliko hata baadhi ya mafundi, maana Komeo alikuwa akiyabeba nyumbani kuyatia mafuta, na yeye anayafungua huku akisubiri chungu kichemke. La mishale alilifungua akiwa amempa mumewe mgongo. Halafu anamtania: "Baba Pacha, hili lako halina haja ya mwizi. Ukiliomba vizuri tu linafunguka."

Mwanzoni kila chumba kilikuwa na kitufe cha dharura karibu na mlango. Bosi, mwenye nyumba hiyo, akaamuru ving'olewe, kwamba wateja waoga wanavibonyeza kabla saa haijaisha, halafu wanadai warudishiwe pesa. Pembeni ya kila mlango, upande wa nje, Komeo alipigilia msumari, akatundika ufunguo wa kuizima sumaku. Ndiyo desturi yake tangu ujana: mlango usiokuwa na ufunguo wa jirani ni kaburi. Wiki mbili kabla ya Jumatano ile msumari wa Mgodi ukabaki mtupu. Bosi aliutia ule ufunguo kwenye shada la funguo zake mwenyewe, kwa sababu mteja mmoja aliuona akadhani ni sehemu ya fumbo. Umeme ulipokuwa unakatika michezo ikiharibika, Bosi akataka betri kwenye sumaku. Komeo alimwambia betri ni hatari. Alijibiwa maneno ambayo hakuyasahau: "Wewe kazi yako vyuma. Kufikiri niachie mimi."

Basi akamwachia. Akafunga betri, tena kubwa, akaenda nyumbani kujisifu kwa mkewe kwamba umeme ukatike usikatike, sumaku ile itashika saa mbili nzima.

Jumatano ile Komeo hakuwepo kazini. Tangu asubuhi alikuwa nyumbani kwa Bosi, akinyoosha geti la Bosi, ili mbwa wa Bosi wasitoke. Saa za kazi, mshahara wa kazi, geti la mtu binafsi. Nani angeuliza?

Dada wa mapokezi naye alikuwa amepewa maagizo kwa simu. Kuna marafiki wa Bosi watapitia mlango wa nyuma saa nane kuujaribu Mgodi bure. Asiwasumbue kwa maswali, akisikia watu ndani awashe mchezo. Marafiki hawakuja. Aliyeingia kwa mlango wa nyuma ni Mama Pacha na ndoo yake. Dada akasikia ndoo, akawasha. Sumaku ikashika, na mashine ya moshi ikaanza kazi yake, maana mgodi wa Bosi ulitakiwa uonekane wa kweli. Moshi ukaifunika kamera, skrini ikawa nyeupe.

Mama Pacha alikuwa na pumu.

Aligonga. Dada alimsikia vizuri tu. Lakini ukutani, nyuma ya kiti chake, palikuwa na karatasi yenye muhuri wa Bosi: ANAYEGONGA ANACHEZA. MARUFUKU KUFUNGUA. Na kwa miezi sita dada yule alikuwa amesikia watu wakigonga, wakilia, wakiita mama zao, kisha wanatoka wakicheka na kupigana picha. Akaendelea kuandika majina ya wateja wa saa tisa.

Komeo alirejea saa nane na dakika thelathini na tano kuchukua kopo la grisi. Akauliza mkewe yuko chumba gani. Dada akasema hajamwona, ila mkoba wake uko kabatini. Mikoba na simu za wafanyakazi zilikaa kabatini. Bosi aliogopa wasipige picha mafumbo yake.

Ndipo Komeo akasikia. Masikio yake yaliharibiwa na miaka ya mashine ya kukatia chuma, na nyumbani mkewe alikuwa na namna yake ya kumbishia hodi: mara tatu kwa kiganja, chini ya mlango, anatulia, kisha tatu tena, ili mume auhisi mlango hata asipousikia. Tatu. Kimya. Tatu.

Alimwambia dada azime kila kitu. Dada akazima, moshi ukakoma kuongezeka, mlango ukabaki palepale, maana kitufe cha mezani hufunga tu, hakifungui. Komeo akapeleka mkono kwenye msumari bila kufikiri, vidole vikashika hewa.

"Mama Pacha, ni mimi."

Sauti ya mkewe ikaja kwa ndani. "Baba Pacha. Kifua."

Dada alikwishaukimbilia mkoba, akaja na kile kichupa cha dawa ya kuvuta. Kwa upande huu wa mlango dawa ilikuwepo, na kwa upande wa pili mwenye dawa alikuwepo. Komeo akapiga magoti kutafuta upenyo wa kuipitisha. Hapakuwa na upenyo. Aliuziba yeye mwenyewe kwa mpira, misumari kumi na minane, ili moshi wa Bosi usivuje.

"Fungua kisanduku," alimwambia. "Weka MWAMBA."

Neno hilo alilichagua Komeo, neno pekee aliloachiwa kuchagua katika nyumba ile, na herufi zake alizifanyia mazoezi kwanza kwenye karatasi asije akaaibika.

"Nimeweka." Akakohoa mpaka sauti ikapotea. "Linakataa."

"Umekosea kwa moshi. Weka tena, polepole. M. W. A."

Akamtajia zote sita. Akasikia chuma kikivutwa, kikivutwa tena. Nyuma yake dada wa mapokezi akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, Bosi alibadilisha neno jana jioni. Alisema wateja wanaambiana."

"Akaweka neno gani?"

"Hakuniambia."

Wakampigia. Simu ikaita mpaka ikachoka. Dada akapiga tena, na tena, mara kumi na tano kwa hesabu yake mwenyewe. Mwenye kufikiri kwa niaba ya wote alikuwa mahali fulani, simu mfukoni, anakula.

Komeo alishuka ngazi tatu-tatu mpaka kwenye swichi kuu, akaukata umeme wa nyumba nzima. Alikuwa amechanganyikiwa, maana aliporudi gizani na kuweka sikio mlangoni alisikia sumaku ikinguruma kwa raha zake, imeshiba betri. Akachukua mtaimbo. Bati la mlango likapinda, lisiachie. Bawaba alizificha kwa ndani ili wadanganyifu wasizifikie. Akaichukua mashine ya kukatia chuma, akabonyeza, haikuwaka. Ingewakaje? Umeme kaukata mwenyewe. Akashuka tena ngazi zilezile kuuwasha.

Aliporudi, mlango ulibishwa mara mbili. Akasubiri ya tatu.

Akakata. Cheche zikamchoma shingo, hakuzihisi. Mlango uliachia saa tisa kasoro dakika mbili.

La namba lilikuwa wazi, limetundikwa vizuri kwenye ndoano yake, maana Mama Pacha hakuwa mtu wa kutupa vitu ovyo. La mishale wazi. La ufunguo wazi, kofia ya mchimbaji imerudishwa mahali pake. Mwenyewe alikuwa amelala chini ya kisanduku, ukucha wa kidole cha shahada umekatika, na juu yake magurudumu sita yamepangwa sawasawa, bila kosa hata moja: MWAMBA. Komeo akamwekea dawa mdomoni, akaibonyeza, akaibonyeza. Kifua hakikuipokea.

Kwenye kikao cha uchunguzi walikaa watu watatu wenye chupa za maji. Wakamuuliza nani alifunga betri. Akasema, mimi. Wakaandika. Nani alipigilia mpira? Mimi. Wakaandika. Nani alikata umeme? Mimi, wazee wangu. Wakaandika kwa herufi nzuri, na Komeo hakubisha, kwa sababu yote yalikuwa kweli na usiku anayarudia moja moja hata sasa. Lakini alipotaja msumari mtupu, kalamu zikapumzika. Alipotaja ile karatasi ya ukutani, akaambiwa alipofika mkaguzi ukuta ulikuwa msafi.

Na kufuli je? Siku iliyofuata kifo, polisi walipofika, kisanduku kilikuwa na kufuli jipya linalong'aa. Bosi akasema lile la zamani lilikuwa bovu, limetupwa. Komeo angelipata mkononi, dakika tano tu, vidole vyake vingelisoma mpaka ndani. Bovu halikuwa. Lilikuwa linangoja neno lake.

Bosi anasema hakumbuki. Wakili wake anasema si lazima akumbuke. Siku nyingine Komeo anawaza pengine hakuna neno lolote lililoandikwa popote, kufuli lilizungushwa tu likaachwa. Siku nyingine anapanga maneno ya herufi sita kichwani, moja baada ya jingine, kama vile akilipata atakimbia kumtajia mtu.

Kila Jumatano, saa nane na dakika kumi, anakwenda kwenye geti la Bosi. Linafunga vizuri sana, alilinyoosha mwenyewe. Anabisha kwa kiganja, sehemu ya chini. Tatu, anatulia, tatu. Mbwa wanabweka, pazia la juu linasogea kidogo, na Komeo anauliza swali lake lilelile, hapandishi sauti:

"Bosi, mke wangu alitakiwa aandike neno gani?"