Miaka Mia Tatu Bila Jivu

1.

Sogea karibu nikutegee kitendawili. Nakanyagwa maisha yangu yote na sinung'uniki. Siku mwenye nyumba akifa, nami natolewa mlangoni nyuma yake. Ni nani mimi?

Usijibu kwanza. Bibi Nasaria analijua jibu, nalo ndilo linalomnyima raha.

2.

TANGAZO
Kwa wakazi wa Qollpani, milima ya Andes

Makaa yaliyochimbwa kwenye magofu ya kijiji yamepimwa umri. Upo moto wa miaka mia nne iliyopita. Upo moto wa miaka mia moja iliyopita. Katikati hakuna kitu. Kwa hiyo kijiji kilihamwa, na wakazi wa sasa wanahesabika kuwa wageni. Wasipoleta ushahidi mwingine kufikia Ijumaa, watahamishiwa bondeni.

3.

Yolanda, mtafiti aliyechimba makaa hayo, amepanga kwa Nasaria. Kila jioni swali ni lilelile.

"Bibi, huku juu mtu hakai siku mbili bila moto. Jivu la miaka mia tatu liko wapi?"

"Kula, mwanangu. Viazi vinapoa."

4.

Vilivyomo jikoni kwa Nasaria:
jiko la udongo
simbilisi sita wa kufugwa, wakorofi
kofia ya mumewe, Anselmo, msumarini
kiti cha Anselmo
mashimo manne sakafuni, chini ya miguu ya kiti

Anselmo mwenyewe
                    mwaka wa nne huu.

5.

Kisimani, Basilia, dada wa marehemu:

"Wifi, utachimba lini? Kaka yangu anangoja kutoka."

"Mgongo unauma."

"Wa kuvuna viazi hauumi, wa kuchimba ndio unauma?"

Wanawake wakacheka. Nasaria naye akacheka, kidogo.

6.

Nasaria angesema jivu liliko tangu siku ya kwanza. Ila akisema, Yolanda atainamisha macho, ataona anachokikanyaga, na atauliza

7.

Alhamisi.

Majirani wanafunga magodoro. Mzee mmoja anawafungua lama wake, anawafunga tena, hajui aanze na yupi.

Nasaria akasimama mlangoni akiwatazama. Kisha akarudi ndani, akapakua.

"Liko shambani," akasema.

"Nini, Bibi?"

"Jivu lako. Mwenye nyumba akifa, tunaichimba sakafu yake na jivu lote la jiko lake, tunapeleka kwenye viazi. Halafu tunasiliba udongo mpya. Ndivyo walivyofanya bibi zetu na bibi zao. Pale magofuni ulipata sakafu ya mwisho tu, kwa sababu hakubaki mtu wa kuichimba, na ile ya chini kabisa, ya watu ambao hawakuwa na desturi hii. Chukua mifuko yako, kachimbe kwenye matuta."

Kijiko cha Yolanda kimesimama hewani.

"Kwa hiyo nilikuwa nakula…"

"Ukoo wangu. Tangu Juni. Na kila siku unaomba kuongezwa."

Yolanda akacheka mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akainamisha kichwa.

"Na hii?"

8.

Sakafu.

9.

"Hapo penye mashimo ndipo anapokaa," akasema Nasaria. "Nikichimba, atakaa wapi?"

Yolanda akaweka kijiko chini.

Basilia alikuwa amefika mlangoni, majembe mawili mkononi. Safari hii hakutania.

"Wifi. Lini?"

Nasaria akaitundua kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa.

"Sasa," akasema. "Ila tuanzie huko mlangoni."