Nailoni Juu ya Kigoda

Kutukanwa nimetukanwa sana, na mengi nimeyasahau. Hili alilotukanwa mama mdogo wangu sijalisahau, na sitaki kulisahau.

Mama mdogo ndiye aliyeniingiza kwenye chumba cha kupigia pasi, nyuma ya duka la dobi. Meza yake ilikuwa ya mwisho, chini ya dirisha lililokwama, yangu ikifuatia. Ni mtu mzima, watoto wake wanajitegemea, na miguu yake huvimba akisimama sana. Ndiyo maana alikuwa na kigoda cha kupumzikia. Mashati ya wanaume yote yalikuwa yake, maana hakuna mwingine aliyejua kulaza kola ikalala.

Msimamizi wetu tulimwita Bi Pua, asipokuwepo. Asubuhi alipita mezani akitunusa makwapa kama paka anayetafuta samaki. "Pua yangu haijawahi kunidanganya," ndiyo ilikuwa salamu yake. Tulizoea.

Siku moja akasimama nyuma ya mama mdogo, akaziba pua kwa kanga.

"Hapa pananuka mkojo."

"Wa paka?" mmoja akauliza.

"Paka gani anavaa gauni? Mama, utu uzima una mambo yake. Kama umeshindwa kujizuia, sema, usitutie aibu."

Mama mdogo aliitua pasi taratibu. "Mwanangu, mimi ni mzima. Nusa vizuri."

"Ndiyo nimenusa!"

Nikasema mimi sisikii chochote. Akanigeukia: "Wewe ni damu yake, utasikia nini?" Akawauliza wengine. Mmoja akasema labda kwa mbali. Mwingine akainama kutafuta kifungo ambacho hakikuanguka. Hakuna aliyesikia kitu, lakini nani atabishana na anayepanga zamu? Siku hiyo hiyo Bi Pua akaleta nailoni, ile ya kufunikia nguo za wateja, akakifunika kigoda cha mama mdogo na kukikaza kwa kamba miguuni. Mbele ya watu wote! Mtoto mchanga ndiye anayetandikiwa nailoni. Mtu aliyekulea, aliyekuogesha, aliyekufundisha kushika pasi bila kuungua, unamtandikia nailoni?

Mama mdogo hakukikalia tena. Alisimama kutwa. Na akaacha kunywa maji. Nilimwona anapeleka kikombe mdomoni, anakirudisha kikiwa kimejaa, eti asionekane anaelekea chooni wakasema, mnaona. Katika joto lile! Midomo ilimpasuka. Nikimwambia anywe, ananijibu, "Nikinywa nitawapa ushahidi."

Nikaanza kumchunguza Bi Pua. Sina haraka mimi, naweza kumtazama mtu mpaka akasahau kuwa namtazama. Nikaona kwamba siku za mashuka yuko kimya, anatembea na kuimba. Siku za mashati, hasa yale ya kitambaa cha kuteleza kinachoshika jasho hata kikifuliwa, pasi ikipita kwapani tu, anakunja uso na kupiga kelele. Sikujua maana yake, nikaweka moyoni.

Ikafika siku mama mdogo akaanguka. Alijishika mezani, meza ikamkimbia. Tukamlaza kwenye marobota ya mashuka, kisha mwenzetu mmoja akamsindikiza nyumbani. Nikahamia mezani kwake kumalizia shati. Nikapitisha pasi kwapani.

"Si ameondoka?" Bi Pua akafoka kutoka mlangoni. "Mbona bado?" Akaja, akaninusa mimi. "Kumbe na wewe! Ukoo mzima hamjizuii?"

Mwenye shati alikuwa kaunta anasubiri. Ni mtu wa maabara ya hospitali, mteja wetu. Bi Pua akamwita ndani amwombe radhi kwamba shati litarudiwa kufuliwa kwa sababu ya mkojo wa wafanyakazi. Jamaa akalipeleka puani.

"Mimi sisikii kitu."

"Husikii? Hapo kwapani!"

Akacheka. "Basi hilo ni jasho langu, mama. Kuna jeni moja tunayorithi kwa wazazi, inaunda protini inayokaa ndani ya pua na kunasa harufu. Kwenye jasho, hasa la wanaume, kuna kitu protini hiyo hukinasa. Wenye jeni ya aina yako husikia mkojo. Wengine husikia utamu kama wa vanila, na sisi wengine hatusikii lolote. Pua yako haina ugonjwa. Ila si pua ya kila mtu."

Akavaa shati lake juu ya fulana, akaondoka anacheka. Wenzangu nao wakacheka. Bi Pua naye akacheka! Mimi niliitazama nailoni.

Mama mdogo alirudi kazini akiwa amepata nafuu, habari imeshamfikia. Bi Pua akampokea kwa meno yote nje: "Karibu, mama. Yaliyopita si ndwele."

Methali hiyo ni ya aliyeumia kuisema! Aliyeumiza anaitolea wapi?

Bi Pua akamwita mfagiaji. "Hebu kata hiyo kamba, utoe hiyo nailoni."

"Usikate," nikasema. Nikazima pasi yangu, nikaisimamisha. "Aliyefunga ndiye afungue."

"Unasema na nani wewe?"

"Nasema na wewe, dada. Ulifunga tukiwa tunaona. Fungua tukiwa tunaona."

Nilidhani nimebaki peke yangu. Kisha yule aliyekuwa akitafuta kifungo akasimamisha pasi yake. Mwingine naye. Huko kaunta wateja wakaanza kugonga wakidai nguo zao.

Bi Pua alitutazama mmoja mmoja. Mwishowe akapiga magoti. Kamba alikuwa ameikaza mwenyewe, ilimbidi kutumia meno. Samahani hakuitamka, mpaka leo. Alisimama na nailoni yake mkononi, akakosa pa kuiweka.

Mama mdogo akakivuta kigoda, akakaa kwa uzito wake wote.

"Mwanangu," akaniambia, kwa sauti ya kusikika mpaka kaunta, "niletee maji. Kikombe kile kikubwa."

Akakinywa chote. Akaomba kingine.